Nani Aingie Mlango Upi? Somo Katika Fiqhi ya Haja na Sitara



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, somo la toleo hili linahusu choo. Najua wapo watakaocheka. Salman al-Farisi (r.a.) naye alichekwa. Washirikina walimwambia kwa kejeli kwamba Mtume wenu anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Salman hakuona haya. Alikubali kuwa ndivyo, kisha akaanza kutaja aliyofundishwa: kutoelekea Kibla, kutostanji kwa mkono wa kulia, na mengine. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Basi nasi tusione haya.

Swali lenyewe lilizuka muhula uliopita katika darsa yetu ya Alhamisi. Ndugu mmoja alikuja na habari kutoka Uingereza: tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba neno "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 lina maana ya mwanamke wa kimaumbile. Tangu hapo mabishano ya nani aingie choo kipi yakazidi. Mwingine akakumbusha jimbo la North Carolina huko Marekani, ambako mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kumlazimisha kila mtu kutumia choo cha majengo ya umma kwa jinsia iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Mwaka uliofuata kifungu hicho kikafutwa. Darsa ikachemka. Mmoja wetu akasimama na kusema: "Uislamu umeshamaliza jambo hili, hakuna cha kujadili." Amir akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma Masomo ya Kiislamu, akanitaka nifanye utafiti niandike.

Nilikubali haraka. Nilidhani ni kazi ya ukurasa mmoja. Kabla sijaumaliza, likanitokea jambo lililonifanya niuchane na kuanza upya.

KISA CHENYEWE

Ramadhani iliyopita nilikuwa katika zamu ya usafi wa sehemu ya udhu, upande wa wanaume. Wanaoswali hapa wanapajua: kuna ukuta wa kukojolea ulio wazi, kuna benchi la kutilia udhu, na kuna vyumba viwili vya choo, kimoja hakina komeo. Siku kadhaa nilimwona mwenzetu mmoja akizungukazunguka nje, akingoja watu waishe. Ana uso laini na sauti nyembamba. Jioni moja, watu wakiwa wamejaa wakisubiri Isha, nikamwambia kwa sauti, nikidhani nafanya mzaha: "Wewe, upande wa akina dada ni kule." Watu wakacheka. Yeye akatazama chini, akaondoka. Katika tarawehe sikumwona tena.

Baada ya Idi alinitafuta mwenyewe. Tulikaa chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba, akaniambia: "Kaka, mimi ni huntha. Nimezaliwa hivi. Mama yangu anajua, daktari wetu anajua, na sasa wewe." Kisha akanieleza alivyofunga mwezi ule. Alipokuwa akija msikitini alikuwa hanywi maji wakati wa daku, na akifuturu anakunywa funda mbili tatu tu, asije akabanwa na mkojo kabla ya kurudi chumbani kwake, mwendo wa dakika ishirini na tano. Wiki ya tatu akaugua njia ya mkojo, akalazwa zahanati siku mbili.

Nikaanza kumtajia nitakayomtafutia vitabuni. Akanikatiza kwa upole: "Sikuja kuomba fatwa, kaka. Nimekuja kuomba komeo."

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisitaje jina, nchi anakotoka, kozi anayosoma wala mwaka wake. Nami nawaomba msimtafute. Lugha yetu imenisaidia, maana "yeye" ya Kiswahili haiulizi mwanamume au mwanamke.

JAMBO LA KWANZA: HAJA NI HAKI

Tukifungua kitabu chochote cha fiqhi, mlango wa twahara unatangulia mlango wa swala, na ndani yake imo ada ya kwenda haja. Wanafiqhi walianza na hali ya mwili kwa sababu ibada inasimama juu yake. Katika Sahih Muslim, Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba hakuna swala kwa mtu anayezuia haja kubwa au ndogo. Maana yake, mtu asiye na mahali pa kujisaidia amezuiwa na swala yake pia.

Tazameni tena kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Masahaba walitaka kumkemea. Mtume akawakataza wasimkatishe, wamwache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, na bedui akafundishwa kwa upole adabu za msikiti. Kosa lilikuwa wazi na mahali palikuwa patakatifu. Pamoja na hayo, haja ya yule mtu ilipewa nafasi ikamalizika, na mafundisho yakaja baada yake.

Upande wa pili wa haki hii ni sitara. Mtume (s.a.w.) alipokwenda haja alikuwa akienda mbali hata asionekane, kama alivyosimulia Mughira bin Shu'ba (r.a.). Na katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.), mwanamume amekatazwa kutazama uchi wa mwanamume mwenziwe, na mwanamke uchi wa mwanamke mwenziwe. Hapa nilijistukia. Sisi tunadhani kwamba tukishawatenganisha wanaume na wanawake, sitara imetimia. Hadithi inasema hata wanaume kwa wanaume wana uchi wa kusitiri. Ule ukuta wetu wa kukojolea ulio wazi una kasoro kwa kila mmoja wetu, siyo kwa huntha peke yake.

JAMBO LA PILI: HUNTHA KATIKA FIQHI

Huntha ni mtu aliyezaliwa na viungo vya uzazi vya kiume na vya kike, au na tundu tu lisilofanana na kimojawapo. Waarabu walimjua kabla ya Uislamu. Katika sira ya Ibn Hisham kimo kisa cha Amir bin Dharib al-Adwani, hakimu aliyetegemewa na makabila. Waliletewa huntha, wakamuuliza: katika mirathi tumhesabu mwanamume au mwanamke? Hakimu akakosa jibu, akakesha usiku kucha akigeuka kitandani. Alikuwa na kijakazi mchunga mbuzi na kondoo, jina lake Sukhayla, ambaye kila siku alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa. Kijakazi yule akamuuliza kinachomkosesha usingizi. Alipoambiwa, akamjibu mara moja kwamba hukumu ifuate njia ya mkojo: akikojoa kwa njia ya kiume ni mwanamume, akikojoa kwa njia ya kike ni mwanamke.

Uislamu ulipokuja, kipimo hiki kilithibitishwa. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba alihukumu mirathi ya huntha kwa njia ya mkojo wake, na wanafiqhi wa madhehebu wakakifuata.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni Shafi, kwa hiyo nilimrejea Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277), ambaye katika Al-Majmu' amelieleza suala la huntha kwa urefu. Nafupisha kwa mpangilio:

1. Kwanza hutazamwa njia ya mkojo. Ukitoka njia moja tu, basi jambo limekwisha.

2. Ukitoka njia zote mbili, hutazamwa alama nyingine za mwili, kama hedhi, manii au mimba.

3. Alama zote zikilingana au zikikosekana, basi akishabaleghe na akiwa na akili timamu huulizwa mwenyewe, nafsi yake inaelekea wapi. Kauli yake hukubaliwa, wala hawezi kuigeuza baadaye kwa matakwa yake.

4. Asiyebainika kabisa huitwa huntha mushkil, nao waliweka hukumu za kumlinda yeye na kuwalinda wengine. Katika swala hujisitiri kama mwanamke, kwa tahadhari. Katika safu husimama nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Katika kustanji mawe hayamtoshi, lazima atumie maji. Mbele ya wanaume wa kando huhesabiwa kama mwanamke, na mbele ya wanawake wa kando huhesabiwa kama mwanamume.

Isomeni tena hiyo ya nne, mkiilinganisha na majengo yetu. Kwa fiqhi ya Shafi, huntha mushkil hapaswi kuonekana uchi wake na wanaume, wala na wanawake. Na lazima apate maji. Basi akienda kwa wanaume pale kwetu ni tatizo, akienda kwa wanawake ni tatizo, na akienda porini hana maji. Wanafiqhi wale hawakumwambia abaki nyumbani asije msikitini. Walimtengea safu yake. Sisi hatujamtengea hata mlango.

Wala jambo hili si la vitabu vya zamani tu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa hali hii. Hapa Uganda, Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 ina kifungu kinachoruhusu kurekebisha jinsia katika usajili wa mtoto aliyezaliwa huntha kisha akafanyiwa upasuaji na daktari akathibitisha. Sheria imemjua. Sisi jumuiya ya Kiislamu tunapaswa kuwa tumemjua kabla yake.

JAMBO LA TATU: MUKHANNATH, NA ANAYESEMA AMEBADILI JINSIA

Hapa ndipo penye mabishano, na lazima tuwe wakweli. Anayezungumzwa katika habari za Uingereza na Marekani mara nyingi si huntha. Ni mtu ambaye mwili wake hauna utata, lakini anasema nafsi yake ni ya jinsia nyingine. Kiswahili kilichukua maneno mawili kutoka shina moja la Kiarabu, "huntha" na "hanithi", na la pili tumeligeuza tusi la mtaani, kisha tunamtupia yeyote. Fiqhi ilikuwa makini zaidi yetu.

Vitabu vya hadithi vinamtaja mukhannath, yaani mwanamume mwenye mienendo na sauti ya kike. Mmoja alikuwa akiingia nyumbani kwa Bibi Umm Salama (r.a.), kwa kuwa walimhesabu miongoni mwa wanaume wasio na matamanio, wanaotajwa katika aya ya 31 ya Suratun-Nur. Siku moja akasikika akimsifia mwanamume mwingine umbo la binti mmoja wa Taif. Mtume (s.a.w.) akaagiza watu wa aina hiyo wasiingie tena kwa wanawake. Ruhusa yake ya kuingia ilidumu muda wote sitara ya wanawake ilipokuwa salama, ikakoma ilipovunjwa.

Imam Nawawi akawagawa watu hawa mafungu mawili. Aliyeumbwa hivyo bila kujilazimisha hana lawama wala dhambi kwa maumbile yake. Anayejifananisha kwa makusudi ndiye anayeingia katika laana iliyopokewa na Ibn Abbas (r.a.) katika Sahih al-Bukhari, ya wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Sitaificha hadithi hiyo kwa sababu ni nzito. Lakini pia sitaificha ya Abu Dawud, ingawa maulamaa wameisema isnadi yake: aliletwa mukhannath aliyepaka hina mikononi na miguuni, akahamishwa Madina. Watu walipouliza kama wamuue, Mtume (s.a.w.) alijibu kwamba amekatazwa kuwaua wanaoswali.

Karne iliyopita suala hili lilifika chuo kikuu. Mwaka 1988, mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar, aliyejulikana baadaye kwa jina la Sally, alifanyiwa upasuaji kutoka mwili wa kiume kwenda wa kike. Kitivo cha wanaume kikamtoa, na kitivo cha wanawake kikakataa kumpokea. Mufti wa Misri wa wakati ule, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipoulizwa alitoa fatwa kwamba upasuaji unaruhusiwa pale daktari mwaminifu anapothibitisha kuwa unadhihirisha jinsia iliyofichika mwilini, wala hauruhusiwi kwa matamanio tu ya kutaka kubadilika. Upande unaomtetea Sally na upande unaompinga, wote waliisoma fatwa hiyo kuwa inawaunga mkono. Huko Iran, Khomeini alikwenda mbali zaidi akauruhusu. Maulamaa wengi wa Sunni hawakubali kwamba hisia peke yake inabadilisha hukumu za mtu ambaye mwili wake uko wazi. Na huu ndio msimamo ninaoufundishwa darasani, nami sina elimu ya kuupinga.

Lakini nilipofika hapa nikajiuliza: hata kama msimamo huo ni sahihi, mtu huyo akibanwa na haja aende wapi?

JAMBO LA NNE: PAKISTAN ILIJARIBU

Nchi ya Kiislamu iliyolishughulikia jambo hili kwa uwazi zaidi ni Pakistan. Huko kuna jamii inayoitwa khawaja sira, au hijra, wakiwemo huntha na wasio huntha. Mwaka 2009, baada ya polisi wa Taxila kuwakamata na kuwadhalilisha baadhi yao, mwanasheria wa fiqhi, Dkt. Muhammad Aslam Khaki, alipeleka shauri Mahakama ya Juu. Mahakama chini ya Jaji Mkuu Iftikhar Chaudhry iliamuru wasajiliwe, walindwe, na wapewe haki yao ya mirathi. Ndugu zangu tunaosoma sheria ya Kiislamu, angalieni: aliyesimama alikuwa mtu wa fani yetu.

Mei 2016 mwanaharakati wa jamii hiyo, Alisha, alipigwa risasi Peshawar. Wenzake walisimulia kwamba hospitalini muda ulipotea watu wakibishana alazwe wodi ya wanaume au ya wanawake. Alifariki. Mwezi uliofuata maulamaa wapatao 50 mjini Lahore walitoa fatwa kwamba kuwadhihaki watu hao ni haramu, na kuwanyima mirathi ni dhulma.

Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kulinda haki zao: elimu, matibabu, kazi, na kuingia katika maeneo ya umma. Sheria hiyo pia ilimruhusu mtu kuandikishwa kwa jinsia anayojiona nayo mwenyewe. Kifungu hicho kilipingwa, na tarehe 19 Mei 2023 Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ikakibatilisha pamoja na kifungu cha mirathi kilichojengwa juu yake. Hoja yake ilikuwa kwamba jinsia hufuata mwili, na kwamba mwanamume angeweza kulitumia andiko hilo kuingia mahali pa wanawake. Wakati huohuo mahakama ilisema watu hawa wana haki zote za msingi zilizomo katika katiba.

Mtu anaweza kukubaliana na hukumu hiyo au asikubaliane. Ninachowaombeni muone ni kwamba mahakama ileile ya Sharia iliyokataa andiko la jinsia haikusema watu hawa wafungiwe milango ya umma. Swali la "wewe ni nani?" na swali la "utajisaidia wapi?" ni maswali mawili. La kwanza lina ikhtilafu ndefu. La pili halina.

JAMBO LA TANO: SITARA YA DADA ZETU

Nilimpelekea rasimu ya makala haya ukhti anayesimamia mambo ya akina dada katika jumuiya. Alinijibu kwa maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Kaka, sisi kule tunavua hijabu, tunakunja mikono, tunaosha miguu. Ukiandika kwamba yeyote anayejiita dada aingie, nitakupinga mbele ya watu wote. Hofu yetu si chuki."

Yuko sahihi, na haki yake ina asili katika kisa kile cha nyumbani kwa Umm Salama. Kuondoa madhara kwa mmoja kwa kumdhuru mwingine si katika kanuni za fiqhi. Kwa hiyo sipendekezi kwamba sehemu ya dada zetu ifunguliwe.

Lakini naye nilimuuliza: "Na mimi nikimwona mtu mlangoni kwenu nikamtilia shaka, nifanye nini? Nimkague?" Akanyamaza kidogo, akasema: "Hapana. Hilo nalo hapana." Tulikubaliana. Kukagua mwili wa mtu ni kuuvunja uleule uharamu wa uchi tunaodai kuulinda. Jirani zetu Kenya wamelipitia hili mahakamani. Mfungwa mmoja huntha, anayetajwa katika kesi kwa herufi R.M., alilalamika kuvuliwa nguo, kupekuliwa na kudhihakiwa gerezani. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilikataa ombi lake la kutambuliwa jinsia ya tatu, ila ikaamua kwamba alitendewa unyama na udhalilishaji, akafidiwa shilingi 500,000. Hata pale maulamaa walipohitaji kujua njia ya mkojo, ilikuwa kwa sababu ya hukumu maalumu kama mirathi. Haikuwa kazi ya vijana wa zamu mlangoni.

PENDEKEZO

Kando ya msikiti wetu kuna kile chumba cha kuwekea majamvi, chenye mlango wa nje. Bomba la maji linapita ukutani mwake. Fundi aliyekuja kupima vigae vya sehemu ya udhu nilimwonyesha, akasema kinaweza kuwa choo kimoja chenye bomba la udhu ndani, kwa sehemu ya fedha zilezile tulizochangishana kwa ajili ya vigae. Napendekeza tufanye hivyo: chumba kimoja, mtu mmoja, maji ndani, komeo ndani.

Kisiandikwe jina la kundi lolote mlangoni. Kitumiwe na ndugu yetu anayetembelea magongo ambaye vyumba vyetu vinamshinda, mzee aliyekuja kumtembelea mwanawe, mama mwenye mtoto, na yeyote mwenye haja ya sitara zaidi. Kikiwa cha wote, hakuna atakayeelekezewa kidole akitoka.

Najua nitaambiwa kwamba huku ni kufungua mlango wa ufisadi, na kwamba kanuni ya kuziba njia za haramu inatutaka tukatae. Nimelifikiria. Chumba cha mtu mmoja chenye komeo hakimwoneshi mtu uchi wa mwenziwe, hakimwingizi mwanamume kwa wanawake, wala hakimlazimishi mtu kusema uongo juu ya mwili wake. Kwa kipimo cha sitara, ni salama kuliko vyoo tunavyovitumia sasa.

Nitaulizwa pia: na akija asiye huntha, yule wa habari za Uingereza? Jibu langu ni kwamba mimi ni mwanafunzi, si mufti. Nasaha atapewa na wenye elimu, kwa faragha na kwa upole, kama bedui alivyopewa. Kwanza lakini aachwe amalize haja yake.

HITIMISHO

Nilimwomba radhi mwenzetu yule chini ya mwembe. Lakini nilimdhihaki mbele za watu, na toba ya hadharani haitimii kwa minong'ono. Haya ndiyo maandishi yangu ya kumwomba radhi hadharani, bila kumtaja. Wale waliocheka siku ile wanajijua, nao nawaomba watubie pamoja nami.

Mkutano mkuu wa jumuiya ni Jumamosi baada ya Alasiri, na pendekezo hili limo katika ajenda. Huenda likakataliwa. Nimeshanunua komeo kwa fedha yangu, na Ijumaa asubuhi nitalifunga kwenye kile chumba cha choo kisichofungika. Hilo halihitaji kura.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAQA

1. Taja hukumu nne za huntha mushkil katika madhehebu ya Imam Shafi. Ipi kati ya hizo haitekelezeki katika msikiti unaoswali wewe?

2. Ni katika hali gani wanafiqhi walikubali kauli ya mtu juu ya jinsia yake, na ni katika hali gani hawakuikubali? Kwa nini?

3. Kisa cha bedui kinatufundisha nini juu ya mpangilio kati ya haja ya mtu na kumkosoa?

4. Je, ukuta wa kukojolea ulio wazi unaafikiana na hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.)?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri hapa duniani na kesho Akhera, na atujaalie tuwe wenye kuwasitiri waja wake. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wabillahi tawfiq.